Sista, hebu gusa hapa

Mzee wa kitanda cha 14 alikuwa mweusi ile nyeusi ya kuwaka, kiharusi kilikuwa kimembeba upande wote wa kulia pamoja na maneno, amebaki na "eeh" na macho tu. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na miezi kazini, wodi ya wanaume, hospitali moja ya Eastlands, Nairobi, ambayo sitaitaja, shifti ya usiku manesi wawili na wagonjwa arobaini na kitu, na taa ya upande ule inawaka ikitaka. Tukamgeuza mzee, nikatupa jicho mgongoni, nikatupa jicho makalioni, sikuona wekundu popote, nikaandika kwa faili "ngozi iko sawa", nikatia sahihi na saa, nikaenda kitanda cha 15.

Asubuhi mke wake akaingia na thamosi ya uji. Alikuwa anaingiza mkono chini ya kiuno cha mzee amwekee mto, halafu mkono ukakaa hapo. "Sista, hebu gusa hapa. Hapa pana joto." Nikamwambia mama, nimeangalia usiku, pako sawa, usijali. Nilimwambia na ile sauti yetu, wale mmewahi kulazwa mnaijua. Akasema haya basi, asante daktari.

Siku ya nne ngozi ya pale chini ya mgongo, juu ya mfupa, ikatoka kama ganda la nyanya iliyotiwa maji moto, na chini yake nyama ilikuwa imeshakufa kitambo. Kidonda cha kulalia. Na hakikuanza siku ya nne, kilianza huo usiku wa taa mbovu ama hata kabla yake, na mtu wa kwanza kukigundua ni mama ambaye hajasomea kitu chochote cha hospitali, na hakukigundua kwa macho.

Nilienda kumuomba msamaha. Hakunigombeza, akaniambia tu kitu ambacho ningemuuliza siku ya kwanza: mzee hata nyumbani hulala chali peke yake, ubavu hawezi, nyonga iliwahi kuvunjika akisukuma mkokoteni Gikomba. Yaani sisi tulikuwa tunamgeuza ubavu, tukitoka anajivuta polepole na ule mkono mzima anarudi chali, na hakuna mtu alikuwa anajua.

Sasa, shuleni tulifundishwa hivi: hatua ya kwanza ya kidonda cha kulalia ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Unabonyeza na kidole, ukiachilia ngozi inafaa igeuke nyeupe kidogo halafu irudi, isipogeuka ujue mishipa midogo ya damu imeumia. Picha za kitabu zilikuwa za wazungu, kisigino cha pinki na doa jekundu katikati, hata mtoto wa nasari angelionyesha. Chukua hio picha sasa uipeleke kwa mzee wa kitanda cha 14. Wekundu gani? Ngozi yake ikiumia inaweza kuwa nyeusi kuliko ya kando, ama zambarau, ama rangi ya jivu, ama isionyeshe kitu kabisa, na ukibonyeza hakuna weupe utaona ukija wala ukienda. Mwaka 2016 jopo la Marekani linaloshughulikia haya mambo liliacha kuita kidonda, likasema ni jeraha la mgandamizo, kwa sababu hatua ya kwanza ngozi bado ni nzima, na wakaandika wazi kwamba kwa ngozi nyeusi inaweza kuonekana tofauti. Mwaka 2020 mwanafunzi mmoja wa udaktari kule London, Malone Mukwende, akatoa na walimu wake kijitabu cha picha za dalili kwa ngozi nyeusi, maana darasani akiuliza "na kwa mtu kama mimi hii inakaaje?" hakuwa anapata jibu la maana. Nilifurahi, halafu nikaudhika. London? Sisi ambao wodi nzima ni ngozi nyeusi, kuanzia mlangoni mpaka choo, tulikuwa tunangoja nini?

Kwa hivyo siku hizi kwanza napangusa mafuta. Hakuna mtu huongea juu ya hii lakini mgonjwa wa Nairobi anapakwa vaselini na familia mpaka anang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, na ngozi inayong'aa inaficha rangi. Napangusa, namgeuza mgongo uelekee dirisha, na kama ni usiku natumia tochi ya simu lakini naimulika kutoka upande, ndio kama kuna uvimbe utupe kivuli. Halafu mkono. Mgongo wa mkono, bila glavu kama ngozi ni nzima na nimenawa, naweka pale mfupa uko karibu, nasonga kando kidogo, naenda upande wa pili, nalinganisha. Pana joto kuliko jirani yake? Ama pamepoa? Panabonyea kama ndizi imeiva kupita kiasi, ama pamekazana kama chapati ya jana? Na nauliza kama panauma, hata asiyeongea namwangalia uso wakati nabonyeza. Visigino, nyonga, viwiko, kisogo, na nyuma ya masikio pale mpira wa oksijeni unapita, hapo tunapasahau sana, nimetoa mpira siku moja nikakuta umechimba mtaro.

Kuna fomu ya Braden, ya kukadiria nani yuko hatarini kupata kidonda cha kulalia, ilitolewa mwaka 1987 na Barbara Braden na Nancy Bergstrom, unampa mgonjwa alama kwa mambo sita: anahisi vipi maumivu, ana unyevu kiasi gani, anatembea, anajigeuza, anakula, na vile mwili unasuguana na shuka. Jumla inaenda 6 mpaka 23, na ukipata 18 kushuka unaanza kumpangia vile utamkinga. Naipenda hio fomu bana. Lakini nimeiona mara ngapi ikijazwa na mtu ameketi kwa meza ya manesi, mgonjwa yuko huko mwisho wa wodi amelala kwa mkojo, na kwa unyevu ameandikiwa "mkavu".

Baadaye nilihamishiwa chumba cha kufunga vidonda, wagonjwa wa kutoka nyumbani, na hapo ndio nilijifunza kunyamaza. Mama mmoja anauza mboga Kayole, ana sukari miaka tisa, alikuja na raba na soksi mbili, akasema ni kalengelenge tu kametoka kwa kidole. Soksi ya ndani ilikuwa imegandana na nyama. Nikailowesha na maji ya chumvi dakika kama kumi hivi, tukapiga stori za bei ya sukuma wiki, ikaachia polepole. Chini nikakuta unga wa manjano umeshikana. Alikuwa amefungua kapsuli, zile za rangi mbili, amemwagia ndani ya kidonda, na kabla ya kapsuli aliweka asali, na kabla ya asali jivu.

Kitambo ningegomba. Nimegomba watu sana, na matokeo yake ni kwamba wiki ijayo mtu anaosha kidonda vizuri sana kabla ya kuja ndio usijue aliweka nini. Siku hizi nasema tu, "Na nyumbani mmejaribu nini mama? Wengi huweka dawa ya meno, wengine asali." Ukimtajia mbili tatu bila kukunja uso anakupa orodha yote, mpaka na ile ya shosho wa ploti. Na hio orodha ni sehemu ya kazi yenyewe, sio udaku, kwa sababu jivu linageuza rangi, unaweza kuandika nyama imekufa kumbe unaangalia makaa ya jiko.

Ndio maana unaosha kwanza, halafu ndio unasoma kidonda. Nyeusi ngumu, hio imekufa. Manjano inayonata kama utando wa ugali kwa sufuria, hio ni uchafu wa nyama iliyooza, haitoki kwa kupangusa. Nyekundu yenye vipunje vipunje, hapo furahi, inajijenga. Na kingo zikianza kuwa na ka pinki kembamba ni ngozi mpya inaingia, kwa watu wetu hio inakuja bila rangi kwanza halafu weusi unafuata polepole baada ya muda, na wengi hushtuka wakidhani ni ugonjwa mwingine. Unakadiria, nusu ni nyekundu, robo ni manjano, unaandika hivyo. "Kidonda kikubwa kichafu" haisaidii mtu. Kikubwa kama nini? Nilikuta faili moja kidonda kilekile kimeandikwa "kikubwa", "cha wastani" na "kikubwa kiasi" na manesi watatu siku tatu, na hakuna mtu anaweza kujua kama kilikuwa kinapona ama kinaharibika. Rula ya karatasi ni ya bei rahisi: urefu, upana, na kina unapima na kijiti chenye pamba safi.

Kuna kitu kingine cha kuchekesha hapo. Kidonda kikiwa kimechimba chini ya ngozi unaeleza upande kwa kutumia saa, kichwa cha mgonjwa ni 12, sasa unasema kimeingia sentimita 2 upande wa saa fulani. Kwa Kizungu inaenda vizuri. Siku moja tunakabidhiana zamu kwa Kiswahili nikasema "shimo liko saa tatu", na dada wa mchana akatafuta upande ule mwingine kabisa, akaandika halipo, kwa sababu saa tatu yetu mshale unaonyesha 9. Hakukosea yeye wala mimi. Tangu hio siku nasema namba, "kwenye namba 3", na bado nachora kamchoro kando.

Tumrudie mama wa Kayole. Nilimwambia afunge macho, nikachukua kile kiuzi cha nailoni cha kupima kama mguu unahisi, ambacho kinapinda kikifika uzito wa gramu 10, nikawa nagusa chini ya mguu. Hapa unahisi? Kimya. Hapa? "Umeanza, sista?" Nikagusa juu ya mguu kutafuta mpigo wa damu, ukawepo, dhaifu lakini uko. Halafu nikachukua raba yake nikaikung'uta. Kikaanguka kifuniko cha soda, cha chuma, kimepindwa kikawa na meno. Alikuwa amekitembelea siku ngapi hajui, amebeba kreti za nyanya juu yake. Hatukuongea kwa muda. Alipoteza kidole kimoja, mguu ukabaki, na sasa kila jioni bintiye anamkagua nyayo na tochi na anakung'uta viatu kabla avae.

Mvua ikinyesha nayo napata wale wa Nairobi fly. Mwanafunzi anakimbia kuniambia kuna mtu amechomwa na maji moto shingoni, mwingine anasema ni mkanda wa jeshi. Ukiangalia ni mstari, kama mtu amechapwa na waya, na kama ni kwa kiwiko utakuta alama mbili zinatazamana, pale mkono ukikunjwa unagusana. Mkanda wa jeshi hukaa upande mmoja wa mwili, unafuata mshipa wa fahamu, na mara nyingi maumivu yanatangulia vipele. Huyu mdudu wala sio nzi, ni jamii ya mbawakawa, mwekundu na mweusi, haumi wala hadungi, sumu iko ndani ya mwili wake na wewe ndio unajipaka ukimponda. Swali langu la kwanza huwa, ulilala na taa ikiwaka na dirisha wazi? Anacheka, "Umejuaje?" Mpulize atoke, usimpige kofi, na kama umeshampiga osha na maji na sabuni haraka na usiguse macho. Haya, nimemaliza na huyo.

Kupumua sasa. Hapa ndio nina hasira zangu.

Fungua chati yoyote ya wodi yoyote, angalia mstari wa kupumua: 20, 20, 18, 20, 20. Mzee wa nimonia 20, kijana wa mguu kuvunjika 20, nimewahi kuona 20 ya mtu aliyefariki lisaa limoja baadaye. Mtu mzima mwenye afya ni 12 mpaka 20 kwa dakika, kwa hivyo 20 ni namba tamu, haimshtui mtu, haikuulizi maswali, na huhitaji kusimama dakika nzima. Joto kuna mashine, presha kuna mashine, pumzi ni wewe na saa, kwa hivyo ndio inarukwa. Na mwili ukianza kushindwa, mara nyingi pumzi ndio inabadilika mapema, kabla presha haijaanguka. Nimejazia 20 pia mimi, msidhani naongea nikiwa juu ya mti.

Njia yangu ni ile ya wazee: nashika mkono wa mgonjwa kama napima mpigo wa moyo, nikimaliza mpigo siachilii, naendelea kushika huku naangalia kifua, kwa sababu mtu akijua unahesabu pumzi zake anabadilisha. Dakika nzima. Nikihesabu nasikiliza pia, anamaliza sentensi ama anakata baada ya maneno matatu? Ameketi vipi, ameinama mbele mikono kwa magoti? Shingo inavuta?

Kwa watoto ndio mbaya zaidi kuruka. Mama mmoja wa Mukuru alileta mtoto wa miezi minane, amefungwa shali tatu, ilikuwa Julai na ile baridi yetu, akasema ana homa. Sasa hapa Nairobi ukisikia "homa" usikimbie, nusu ya watu wanamaanisha mafua, pua inatiririka tu. Lazima uulize, mwili una joto? Anakohoa? Ananyonya vile hunyonya ama anaachia achia? Mama akasema anaachia. Nikamwambia tumtoe shali zote. Akasita, baridi sista, nikamwambia dakika moja tu mama, ukimfunga sitaona. Tukangoja alale begani. Nikahesabu 62. Mtoto chini ya miezi miwili anaanza kuwa wa wasiwasi akifika 60, wa miezi miwili mpaka kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja mpaka miaka mitano akifika 40. Na chini ya mbavu palikuwa panazama ndani kila akivuta. Hio ndio shali zilikuwa zimeficha, pamoja na mimi kama ningeandika 20.

Mtu atasema si kuna oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwa damu. Iko, naipenda, Mjapani Takuo Aoyagi alituletea wazo lake miaka ya 1970 na Mungu ambariki. Lakini ni taa inayopita kidoleni. Kidole kikiwa baridi inayumba. Rangi ya kucha inaiyumbisha, piko nyeusi ile ya harusi za Eastleigh pia, nageuza kifaa kando ama naenda kwa sikio. Na ngozi yetu yenyewe inaidanganya: mwaka 2020 watafiti wa Michigan walichapisha kwa New England Journal of Medicine kwamba kati ya wagonjwa ambao mashine ilisema wako 92 mpaka 96, ukipima damu yenyewe ya mshipa wa ateri unakuta wengine wako chini ya 88, na hii ilitokea kwa asilimia 11.7 ya weusi na asilimia 3.6 ya wazungu. Mara tatu hivi. Mimi nilisoma hio nikiwa kwa matatu ya Jogoo Road nikapitisha steji. Kwa hivyo ikiniambia 93 na mtu mwenyewe hawezi kumaliza sentensi, naamini sentensi. Namwambia atoe ulimi, navuta mdomo wa chini nione ndani, naangalia ufizi, maana ule ubluu wa vitabu kwa mtu mweusi hautaupata kwa uso, na mara nyingi hata si bluu, ni kijivu, kama mdomo umepakwa unga.

Na kifua kikinyamaza usishukuru haraka. Kifua cha kijana mmoja wa pumu kilikuwa kinapiga mluzi tangu saa mbili, wodi nzima inamsikia, halafu mluzi ukaisha na mamake akasema asante Yesu ametulia. Niliweka stethoskopu, huku kimya, huku kimya. Hakukuwa na hewa ya kutosha hata ya kupiga mluzi. Hio usiku tulikimbia.

Mwezi jana mwanafunzi aliniletea chati ya jioni: 20, 20, 20, kitanda cha 3 mpaka cha 9. Binti mzuri, mwerevu, amechoka, ametoka Githurai saa kumi na moja asubuhi. Sikumgombeza. Nilifungua saa yangu ya kifuani nikampa, nikamwambia arudi kwa cha 6 peke yake, ashike mkono kama anapima mpigo, dakika nzima, na kabla aachilie aweke mgongo wa mkono chini ya kiuno cha mgonjwa anieleze penye pana joto. Nikamwona amesimama pale, midomo inahesabu.

Alirudi akitembea kwa haraka bila kukimbia, vile tunafundishwa, na hakuwa ameandika kitu.

"Sista, ni 34. Na hataki kulala, anataka kuketi ameinama. Na hapa chini kuna pahali pana joto upande mmoja, sijui kama ni mimi tu."

Nikachukua oksimita, nikachukua tochi, tukaenda.